Kodi ya parseli ihamie sokoni? Shemeji anataka sahihi yangu, mdogo wangu hapokei simu

BARUA

Mama Mshauri, salamu kwako na kwa wa nyumbani kwako.

Mimi ni mjane wa miaka 58, nakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Naomba jina langu lisitoke, kwa sababu kwenye avenyu yetu watu wanakusoma, na anayesoma kwa sauti wengine wakisikiliza ni shemeji yangu.

Mume wangu alifariki miaka sita iliyopita. Tulizaa wanne, wawili wana miji yao, wawili bado niko nao. Ukiongeza wajukuu watatu na mama mkwe wangu ambaye sasa haoni vizuri, sufuria moja ya bukari inalisha watu saba. Mume wangu alituachia parseli, yaani kiwanja chenye nyumba ya vyumba vitatu, na nyuma yake anexe ya vyumba viwili tuliyoijenga pamoja, mimi nikichota maji na kusomba mchanga huku nina mimba ya kitinda mimba wangu. Anexe nimempangisha mwalimu na mke wake. Wananipa dola 60 kwa mwezi, mwezi ambao mwalimu amelipwa. Asipolipwa tunangoja wote.

Mwaka huu alikuja kijana wa kodi na karatasi. Nadaiwa kodi ya parseli ya miaka mitatu pamoja na adhabu ya kuchelewa, jumla dola 120. Nilitafuta kiti nikakaa. Siyo kwamba nilikataa kulipa. Mume wangu ndiye aliyekuwa anashughulika na karatasi hizo, na tangu azikwe hakuna mtu aliyenigongea lango kwa jambo hilo mpaka siku ile. Nikamwuliza yule kijana, nyumba hii inanipa nini mpaka niilipie? Siiuzi. Nalala ndani. Akanijibu, “Mama, mimi nagawa karatasi tu.”

Karatasi hizo zimefika kwa wengi. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, amekusanya wenye parseli wa avenyu yetu na ya nyuma, wameandika barua kwa mbunge wa jimbo. Wanaomba kodi ya parseli iondolewe kabisa, na mahali pake iwekwe kodi ndogo ya mji juu ya kila kitu kinachonunuliwa: bunga, mafuta, sabuni, bia, saruji, muda wa simu. Hoja yake ni kwamba kila mtu anakula, basi kila mtu alipe. Mpangaji anatembea barabara ileile, anatupa takataka palepale, lakini karatasi haimfikii. Mtoto wa dada yake aliye Marekani alitutumia ujumbe wa sauti akasema hata huko kuna majimbo ambako watu wamechoka na kodi ya nyumba, wanataka iwekwe kwenye manunuzi. Tuliusikiliza kwenye simu, wote kimya, mwishoni watu wakapiga makofi.

Shemeji anataka sahihi yangu iwe ya kwanza. Mimi ndiye ninayeshika daftari la likelemba ya akina mama hapa, kile chama chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu. Alisema, “Shemeji, ukitia wewe, mama zote watatia.”

Nilikuwa tayari. Kalamu ilikuwa mkononi. Ndipo mdogo wangu akaingia. Yeye anapanga chumba kimoja Ruashi, ana watoto watano, mume alienda kutafuta kazi upande wa Kolwezi na sauti yake haisikiki tena. Anauza nyanya, vitunguu na bunga ya kupimwa kwa meka, chombo cha kupimia. Alikuwa amebeba beseni la nyanya, aliniletea zile zilizoanza kulainika nizipikie watoto. Akaomba asome barua. Alisoma mpaka mwisho, akaniangalia mimi, hakumwangalia shemeji. Akasema: “Yaya, dada yangu mkubwa, mimi sina parseli. Sina hata ukuta wa kupigilia msumari bila kuomba ruhusa. Kila asubuhi nalipa tiketi ya meza kabla sijauza nyanya moja. Leo unatua mzigo wako unautwika kwenye kichwa changu?”

Shemeji akamwambia si yeye atakayelipa, ni wanunuzi wake. Mdogo wangu akajibu, “Wanunuzi wangu ni akina nani? Ni watu kama mimi.” Akatoka. Beseni aliliacha. Ni wiki tatu sasa, hapokei simu yangu.

Kuna jambo jingine. Karatasi za parseli ziko kwa shemeji tangu siku za matanga, na bado zina jina la marehemu. Hajawahi kunitolea neno baya. Dawa za macho za mama yake ananunua yeye. Lakini Jumapili iliyopita aliniambia, “Shemeji, juu ya parseli ya kaka, familia iwe na sauti moja.” Tangu siku hiyo silali vizuri.

Mama Mshauri, mimi kweli naona kodi ya nyumba inaniumiza. Na mdogo wangu naye naona amesema haki. Nikitia sahihi nampoteza ndugu wa tumbo moja. Nisipotia sijui nitapoteza nini. Nifanyeje?

Mama wa Beseni, Katuba


JIBU

Mama wa Beseni, kwanza tulia: nimebadilisha mambo mawili matatu kwenye barua yako, hata shemeji akiisoma kwa sauti atadhani ni avenyu nyingine.

Nimeisoma mara tatu. Kila mara nilianza na hesabu za kodi, nikajikuta nasimama kwenye neno la Jumapili: familia iwe na sauti moja. Nadhani hata wewe unajua kwamba kama si neno hilo, ungeshamjibu shemeji, kwa ndiyo au kwa hapana, na usiku ungelala. Uko mbele ya mambo matatu ambayo yamefungwa kwa kamba moja. Kuna deni la dola 120. Kuna barua ya kwenda kwa mbunge. Na kuna karatasi za parseli zilizo kwenye kabati la mtu mwingine. Watu wanakutaka uyajibu yote kwa sahihi moja. Mimi ningeomba tuyafungue, tuanze na dogo.

Hiyo karatasi uliyoletewa, je, umepata mtu wa kuisoma pamoja nawe mstari kwa mstari? Kodi ya ardhi na nyumba kwetu ina msingi katika sheria ya tarehe 10 Februari 1969, na sheria hiyo haikuwasahau wajane. Inawaondolea kodi wajane, na pia wenye nyumba waliopita miaka 55, kwa ile nyumba wanayokaa wenyewe. Ina masharti: ukae humo peke yako au na watu unaowalea, mapato yako yasizidi kiwango, na uandikishe nyumba yako kwa wakati, maana anayenyamaza hahesabiwi. Wewe ni mjane, na una miaka 58. Milango yote miwili ingeweza kukufungukia. Penye ugumu ni anexe. Ukishapangisha, wanaweza kukuambia hukai na watu unaowalea tu, na zaidi ya hayo mapato ya pango yana kodi yake tofauti, ambayo watu wengi wanaichanganya na ya parseli. Kwa hiyo swali la kwanza kwenye ofisi ya mapato ya jimbo liwe hili: dola 120 hizi ni za kodi gani, za nyumba ipi, na mjane wa miaka yangu anahesabiwaje? Nenda na mtoto wako mkubwa, nenda na cheti cha kifo cha marehemu, na uombe jibu kwa maandishi. Kama bado deni litabaki, omba kulipa kidogo kidogo. Sikuahidi watakubali. Lakini ulikuwa karibu kutia sahihi ya kubadilisha kodi za mji mzima kwa ajili ya karatasi ambayo hatujui kama yote ni yako.

Sasa barua ya shemeji. Nataka nimtendee haki, kwa sababu ndani yake kuna ukweli. Nyumba unayolala haikupi franka. Kodi yake inakuja mara moja, yote, pengine mwezi uleule wa karo za watoto. Kodi ya manunuzi unailipa siku una pesa, na siku huna hulipi. Na hofu ya kupoteza paa kwa sababu ya deni la serikali ni hofu ya kweli kwa mjane. Hakuna anayekuja kumfungia mtu nyumba kwa sababu hakununua sabuni. Tena tukilipa tunaangalia mtaro mbele ya lango, mvua ya Januari ikinyesha unafurika vilevile. Mtu anayesema “mmeniuliza pesa, mimi nawauliza ziko wapi” hajakosa adabu.

Lakini chukua daftari lako la likelemba, fungua ukurasa mweupe. Kwa mwezi mmoja andika kila kinachotoka: bunga, makala, mafuta, sombe, samaki, sabuni, dawa, muda wa simu. Mimi nitaweka mfano tu, wewe utaweka namba zako. Tuseme watu saba wa sufuria yako wanatumia dola 200 kwa mwezi. Tuseme kodi ya mji ni asilimia 5, na kweli wengi wataiita ndogo. Hiyo ni dola 10 kwa mwezi. Kwa mwaka ni dola 120. Karatasi iliyokukalisha kitini ni dola 120 kwa miaka mitatu, na adhabu ndani yake. Sasa mweke mdogo wako kando yako kwenye ukurasa huo. Kama chumba chake cha Ruashi kinakula dola 100 kwa mwezi, atalipa dola 60 kwa mwaka, yeye asiye na ukuta wa kupigilia msumari. Kisha mweke mtu ninayemfahamu mimi na unayemfahamu wewe, maana katika mji huu hakosekani: ana parseli kumi, nane kati yake zimeota nyasi zikingoja bei ipande. Kodi ya parseli ikiondoka, anasamehewa mara kumi. Sokoni tumbo lake ni moja kama lako.

Hapo ndipo neno la shemeji, kila mtu anakula, kila mtu alipe, linapohitaji kuulizwa tena. Kweli kila mtu anakula. Ila maskini pesa yake karibu yote inaishia kwenye chakula, na mwenye nacho analisha nyumba yake kwa kipande kidogo cha alicho nacho, kingine anajenga, anaweka, anapeleka nje. Kodi ya kula inamshika wa kwanza mzima mzima na wa pili mkia tu.

Na mdogo wako? Alisema haki, lakini hata yeye kuna jambo hakuliona, na ukipata nafasi umwambie kwa upole. Nilikuwa mpangaji Kampemba miaka kumi na moja. Kila mara mwenye nyumba alipoletewa karatasi, mwezi uliofuata alikuja kukaa sebuleni kwetu, anasifu watoto walivyokua, mwishowe anasema pango limepanda. Mpangaji naye anabeba kodi ya parseli, ingawa jina lake haliko kwenye karatasi. Kwa hiyo si kweli kwamba wapangaji hawalipi, kama asemavyo shemeji, na si kweli kwamba mzigo huu ulikuwa wa kichwa chako peke yako, kama alivyosema mdogo wako. Mwalimu wako wa anexe anajua. Je, hukuwaza hata kidogo kumwongezea, siku ile ulipotoka kwenye kiti?

Lile neno la shemeji kwamba watalipa wanunuzi linafaa kwa duka lenye mashine ya risiti. Kwenye meza ya nyanya nani atakata asilimia 5 kwenye fungu la franka mia tano? Atakuja mtu na daftari, atakadiria kwa macho, na muuzaji atatoa kwenye faida yake, kwa sababu akipandisha bei mnunuzi anahamia meza ya pili. Wengi wetu tunakumbuka Januari 2012, TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ilipoanza, asilimia 16. Ilikuja kuchukua nafasi ya kodi ya zamani ya mauzo, lakini wauzaji wengi waliipachika juu ya bei ambazo tayari zilikuwa na ile ya zamani ndani. Bei zikaruka, na waliokuwa wanashika meka mkononi ndio waliojua. Na bunga yetu nyingi inaingia kwa Kasumbalesa, imeshalipa mengi mpakani. Kodi ya mji ingekaa juu ya hayo yote.

Kuhusu ujumbe wa sauti kutoka Marekani: mtoto huyo hakudanganya, na sioni kosa kusikiliza ya mbali. Ila maumivu ya huko si haya. Huko nyumba inapimwa thamani, thamani ikipanda kodi inapanda, na pesa hizo ndizo zinazolipia sehemu kubwa ya shule za mtaa. Kwetu kodi inatazama aina ya jengo, ukubwa na daraja la mahali. Haipandi kwa sababu jirani ameuza kwa bei ya juu. Tena wao kwa wao hawajakubaliana. Michigan mwaka 1994 walipunguza kodi ya nyumba ya kulipia shule na kupandisha kodi ya manunuzi kutoka asilimia 4 hadi 6. South Carolina mwaka 2006 waliwaondolea wenye nyumba wanaokaa humo wenyewe kodi ya kuendesha shule, wakaongeza ya manunuzi kutoka 5 hadi 6. Miaka miwili baadaye uchumi ukayumba, watu wakanunua kidogo, na pesa za shule zikapungua pamoja na manunuzi yao. Wapangaji hawakupata nafuu hiyo, lakini dukani walilipa kama wote. North Dakota waliulizwa kwa kura mwaka 2012 na tena Novemba 2024 kama kodi ya nyumba ifutwe. Mara zote mbili wengi walikataa. Mpigie huyo mtoto, umwulize yeye mwenyewe anapanga au ana nyumba. Huenda jibu lake likawa na faida kuliko ujumbe wa kwanza.

Kuna jambo linalonipa wasiwasi zaidi ya hayo yote kwenye barua ya shemeji, nalo ni mlango inaoubisha. Katiba ya 2006, kifungu cha 204, inaipa jimbo kodi ya ardhi na nyumba, ya mapato ya pango na ya magari. Kodi mpya juu ya kila bidhaa ni jambo jingine. Kifungu cha 174 kinasema kodi haiwekwi ila kwa sheria, na orodha ya kodi ambazo majimbo na komini zinaweza kudai iliwekwa Kinshasa, tarehe 13 Machi 2018. Mbunge mmoja wa jimbo hawezi kuondoa hiki na kuweka kile kwa sababu avenyu mbili zimeomba. Anachoweza kufanya ni kuchukua nusu ya barua. Na nusu ipi? Ninyi mnaandika “ondoa hii, weka ile.” Ofisini inaweza kusomwa “wananchi wako tayari kulipa zaidi sokoni.” Tiketi ya meza ikapanda, na karatasi ya parseli ikaja vilevile mwakani. Sisemi ndivyo itakavyokuwa. Nasema kabla ya kutia sahihi mwulize shemeji: nini kitahakikisha ya kwanza imeondoka kabla ya ya pili kufika? Kama ana jibu zuri, nitafurahi kulisikia.

Sasa, ukae vipi na kalamu yako?

Unaweza kutia sahihi barua ilivyo. Utakuwa umesema ukweli wa maumivu yako, na amani na shemeji itabaki kwa sasa. Ila sahihi yako si moja, umeshasema mwenyewe. Ni ya akina mama wote wa likelemba, na sijui ni wangapi kati yao wana meza sokoni kama mdogo wako. Wao wakijua baadaye, daftari hilo litakuwa zito mkononi.

Unaweza kukataa kabisa. Hapo mdogo wako atakuona umesimama naye, lakini maumivu yako ya dola 120 yatabaki bila sauti, na shemeji anaweza kusikia kukataa kwako kama kumkataa yeye. Usijilazimishe kukataa kwa sababu ya kimya chake cha wiki tatu tu. Atakayejibu akina mama ni wewe.

Au unaweza kumwambia shemeji: “Sikatai kuandika, naomba tuandike upya.” Mnaweza kuomba yaliyo ndani ya uwezo wa jimbo lenyewe: deni lilipwe kwa mafungu, adhabu isamehewe kwa aliyefiwa na hakupata karatasi, wajane na wazee waelezwe haki yao kabla ya kudaiwa, parseli tupu za kungojea bei ziguswe kwanza, na hesabu ya kilichokusanywa Katuba ibandikwe ukutani kwa komini. Barua ya namna hiyo hata mdogo wako anaweza kuisoma mpaka mwisho. Hatari yake ni kwamba shemeji ameshaipenda ya kwanza, ameshapigiwa makofi, na mtu aliyepigiwa makofi ni vigumu kumrudisha kwenye rasimu. Usimwendee mbele ya watu. Mwendee jioni, mama yake akiwa amekaa hapo.

Na ukiwa hapo, zungumza karatasi. Usianze na hasira wala na neno la mahakama. Kwa uliyoniandikia sioni mtu mbaya, naona mdogo aliyeshika kilicho cha kaka yake na hakuna aliyemwomba akiachie. Huenda anadhani anakulinda. Lakini parseli kubaki na jina la marehemu miaka sita kunawaweka wote mahali pabaya: kodi inakuja kwa jina la mtu asiyejibu, na siku shemeji naye akiondoka, kabati litafunguliwa na watu usiowajua. Sheria yetu ya familia ya mwaka 1987 inawataja watoto kuwa warithi wa kwanza, na inampa mke aliyebaki haki ya kuendelea kukaa na kuitumia nyumba aliyoishi na mumewe. Haki hiyo haitegemei umetia sahihi barua gani. Naomba uisome sentensi hiyo tena usiku wa leo, kabla ya kulala.

Waite watoto wako wawili wakubwa waje siku hiyo. Uombe nakala ya karatasi, kwa sababu ofisi ya kodi itazitaka ukienda kudai haki yako ya mjane. Ni ombi la kweli na halimshitaki mtu. Akitoa nakala kwa moyo mweupe, utajua neno la Jumapili lilikuwa neno tu. Akizungukazunguka, utajua pia, na hapo uniandikie tena mapema, au uende kwa mzee wa ukoo anayeheshimiwa na pande zote kabla mambo hayajawa makali.

Likija suala la mdogo wako, sikubaliani nawe kwamba umempoteza. Mtu aliyekuletea nyanya za kupikia watoto wako, yeye mwenye watano wa kwake, hakukukatia undugu kwa karatasi. Aliumia kwamba kalamu ilikuwa mkononi na hukuwa umemfikiria. Simu haitafaa, simu ni rahisi kutoipokea. Nenda Ruashi siku ya katikati ya juma, asubuhi na mapema, kabla mwenye tiketi hajapita. Kaa naye nyuma ya meza mpaka jioni. Usiende na maelezo ya TVA wala ya Marekani. Msaidie kuuza nyanya, mshikie meka, uone ni kiasi gani kinaingia na kiasi gani kinatoka, na kama akitaka kusema, aseme.

Beseni lake usimtume mtoto kulirudisha. Libebe wewe.